Ulezi wa Maji ya Bahari

Miongoni mwa sanaa za nyumbani zilizosingiziwa kuwa ni za matajiri peke yao, sijui iliyosingiziwa zaidi kuliko ufugaji wa matumbawe ndani ya hodhi la kioo. Mtu huingia ukumbini kwa mwenye mali, akaliona hodhi refu limejaa matumbawe ya zambarau na ya kijani, taa zake zinang'ara na mitambo yake imefichwa kabatini, naye hutoka hapo ameshakata shauri kwamba jambo lile si la watu wa kadiri yake. Simlaumu, maana mitambo ile ina bei ya kutisha na wauzaji wake wana ulimi. Walakini hukumu yake imepungukiwa na insafu, kwa kuwa amehesabu vyombo akasahau kazi. Sanaa hii ilizaliwa pasipo umeme, ikakuzwa na watu walioangalia sana na kununua kidogo, na hata leo kiini chake ni kulea maji. Samaki na matumbawe hufuata. Maji yakidumu katika hali moja wao huishi, na yakiyumba hufa, awe mwenyewe amelipa fedha nyingi au haba.

Katika mwaka wa 1846 bibi mmoja wa Kiingereza, Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster Abbey, aliokota matumbawe madogo ya bahari ya baridi katika pwani ya Torquay, akataka kuyafikisha hai mjini London. Ili yasigongane njiani aliyashona kwa sindano na uzi juu ya sifongo, akayatia mtungini. Mjini hakukuwa na pampu ya kutia hewa majini, wala hakukuwa na mtu wa kumwuliza, kwa sababu njia ile haikuwa imepitwa. Basi maji yalimiminwa kutoka chombo kimoja kwenda cha pili mbele ya dirisha wazi, siku baada ya siku, ili yavute hewa, na mikono iliyofanya kazi hiyo ilikuwa ya mtumishi wake wa nyumbani, ambaye mimi humhesabu kuwa ndiye pampu ya kwanza ya sanaa hii. Matumbawe yakaishi, tena yakazaa. Mwaka wa 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki kwa watu wote, mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake juu ya mahodhi, na tangu hapo mtindo ukaenea, pamoja na israfu yake.

Lakini mwalimu hasa wa mtu mwenye kipato kidogo, kwa rai yangu, alikuwa Lee Chin Eng wa Jakarta, ambaye katika mwaka wa 1961 aliandika katika gazeti moja la Marekani la wafuga samaki jinsi alivyokuwa akiwaweka pamoja samaki na matumbawe ya bahari ya joto kwa maji ya bahari, mawe yaliyotolewa mwambani pamoja na viumbe wake, mwanga wa jua, na mfululizo mwembamba wa mapovu ya hewa. Hakuwa na chujio. Zama zile wafugaji wengi wa nchi za baridi walikuwa wakiichemsha na kuisugua mifupa ya matumbawe mpaka ikawa myeupe, wakaipanga ndani ya hodhi kuwa pambo, kisha wakashangaa kwamba samaki wao hawadumu. Lee aliacha jiwe na uchafu wake wenye heri. Ndani ya vishimo vya jiwe la namna hiyo hukaa bakteria wasiohesabika: walio juu huipokea amonia itokayo katika kinyesi cha samaki na chakula kilichooza, ambayo ni sumu, wakaigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wakaigeuza nitrati, ambayo madhara yake ni madogo; na walio ndani kabisa, mahali ambapo oksijeni ni adimu, huivunja nitrati hiyo ikawa hewa ya naitrojeni, ikapanda na kutoka. Machujio mengi ya dukani yenye bei huishia kwenye nitrati, na jiwe huendelea.

Mwenye kupenda iktisadi na aanze na jiwe. Si lazima lote liwe hai, na wala si vyema kulitafuta kwa nyundo mwambani. Pwani yetu ina matumbawe ya kale yaliyokauka tangu dahari, ambayo huchimbwa nchi kavu na kujengewa nyumba, nayo yakioshwa na kurowekwa vizuri hufaa sana, mradi yawe na matundu na yasiwe yametoka mahali palipomwagwa mafuta au dawa. Kipande kidogo kilicho hai, kilichopatikana kwa njia ya halali au kwa mfugaji mwingine, kikiwekwa katikati ya mawe makavu hukaa kama hamira katika unga, na baada ya miezi michache huwezi kukitambua kwa wenzake.

Hodhi lenyewe lisiwe dogo mno. Dogo ni rahisi dukani na ghali nyumbani, kwa kuwa maji machache hupata joto upesi, hupoa upesi, na huharibika kwa kosa ambalo maji mengi yangelistahimili. Kwa aanzaye, urefu wa sentimita 60, upana wa 40 na kina cha 40 watosha: chombo hicho huchukua lita 96 kikijaa hadi ukingoni, na pamoja na mawe, mchanga na kioo chenyewe uzito wake hupita kilo mia, mzigo ambao meza ya chai haikuumbiwa. Kioo kilichokwisha tumika si aibu. Kijazwe maji uani, kikae siku mbili tatu, pembe zake zipanguswe kwa karatasi kavu, na kama kinavuja kitakuwa kimevuja uani.

Sasa maji. Bahari kuu ina gramu 35 hivi za chumvi katika kila kilo ya maji, wala chumvi hiyo si ile ya mezani, kwa maana ndani yake mna magnesi, kalsiamu, potasi na vitu vingine ambavyo tumbawe huvihitaji kwa kiasi chake. Akaaye mbali na pwani hana budi kununua chumvi iliyotengenezwa kwa kazi hii, na kuichanganya na maji yaliyosafishwa, si ya bomba yenye klorini. Akaaye pwani ana utajiri ambao mwenzake wa Nairobi au Berlin hulipia. Lakini ajue pa kuchota na wakati wa kuchota. Asichote karibu na mdomo wa mto wala penye mfereji wa mji, asichote masika wakati mito inaposhusha tope, na achote maji yakiwa yamejaa, hasa maji ya bamvua. Madumu yawe ya plastiki, kwa kuwa shaba, hata chembe yake, huwaua matumbawe, kamba na konokono huku samaki wakiendelea kuogelea kwa afya, na mfugaji akabaki kumtafuta mchawi.

Maji hayo yakishatiwa hodhini huanza kupungua kwa mvuke, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Kinachoondoka ni maji matupu. Chumvi yote hubaki. Basi kinachopasa kuongezwa kila siku ni maji baridi yaliyo safi, na anayeongeza ya bahari huikoleza chumvi kila anapodhani anaisawazisha. Chombo cha kupimia chumvi, kwa hiyo, kisikosekane, hali kadhalika cha kupimia joto na dawa za kupimia amonia na nitriti. Hapo nisingemshauri mtu abane mkono. Abane kwenye kabati la fahari, abane kwenye mtambo wa kutoa taka za majini kwa povu, ambao faida yake ni kweli lakini wenye samaki wachache wanaweza kuuachia watu wengine, wao wakabadilisha sehemu moja katika kumi ya maji kila wiki. Pampu ndogo ya kusukuma maji inunuliwe, tena iwe imara, kwa maana tumbawe halina miguu, na chakula chake, hewa yake na taka zake vyote huchukuliwa na mwendo wa maji.

Kisha kungoja. Mawe yakiwa ndani na maji yanazunguka, hutiwa kipande cha kamba mbichi kikaoza, amonia ikapanda, bakteria wakaanza kuongezeka. Amonia ikishuka nitriti hupanda, nayo ikishuka mpaka isionekane tena ndipo hodhi linapoitwa limeiva. Huchukua aghalabu wiki nne hata sita, wakati mwingine zaidi, na muda wote huo mwenye nyumba hana cha kuwaonyesha wageni ila mawe na maji, watoto wanamwuliza samaki wako wapi, na mkewe anamtazama kwa macho ya hesabu. Mawe hupata utando wa hudhurungi, kisha mwani wa kijani, na hapo ndipo anapojaribiwa kununua dawa za chupa. Asinunue. Anunue konokono, ambao huula mwani huo kwa bei ndogo na hawahitaji maelezo. Mwenye fedha huweza kuufupisha muda huu kidogo kwa kununua mawe yaliyoiva. Asiye nazo hulipa kwa siku zake, na nimeona mahodhi yaliyolipiwa kwa siku yakidumu zaidi, pengine kwa kuwa wenyewe walikwisha zoea kuangalia kabla ya kuwa na kitu cha kuua.

Matumbawe ya kwanza na yawe yale laini. Ndani ya nyama ya tumbawe la bahari ya joto huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hupokea mwanga, hutengeneza chakula, na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya riziki yake. Yale ya mawe yenye matawi membamba hudai mwanga mkali sana, yaani taa za gharama, bali yale yaliyo na umbo la uyoga na yale yaliyo kama ngozi huridhika na taa ya wastani. Yako pia yale madogo yanayokaa kwa makundi kama vifungo vya nguo, ambayo ni mazuri na ni magumu kufa, ila baadhi yake yana sumu kali mno: yasishikwe pasipo glavu, wala yasichemshwe kamwe. Samaki waje mwisho, na wawe wawili. Wale wa rangi ya chungwa wenye mishipi myeupe, wakaao katika anemoni, wana fadhila moja kwa mfuko wa mnunuzi: wote huzaliwa madume, na aliye mkubwa katika jozi hugeuka jike, hata mtu haoni sababu ya kulipa zaidi ili achaguliwe mume na mke.

Katika miji yetu ya pwani adui si baridi, ni joto, pamoja na umeme usioaminika. Mwaka wa 1998 joto la maji ya Bahari ya Hindi lilipozidi kiasi chake kwa majuma kadhaa, matumbawe ya pwani ya Afrika ya Mashariki yaliutoa ule mwani wao, yakawa meupe, na mengi yakafa. Hodhi lililo sebuleni laweza kupatwa na msiba huo huo kwa adhuhuri chache za Februari. Dawa yake rahisi ni feni ndogo inayopuliza uso wa maji, kwa kuwa mvuke ukiondoka huondoka na joto, na maji hushuka nyuzi mbili au zaidi, ijapokuwa maji baridi ya kuongeza nayo huzidi. Umeme ukikatika saa nyingi, jagi na mikono hufanya kazi ile ile iliyofanywa na mtumishi wa Bibi Thynne.

Kuna jambo moja ambalo kila nikilifikiri hunifurahisha. Matumbawe ya mawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu ya majini, na hodhi lisiloongezwa kalsiamu hufilisika. Yako madawa ya kila bei, lakini katika miaka ya 1970 Peter Wilkens alieneza matumizi ya maji ya chokaa, na wafugaji wa Berlin wakayafanya kuwa nguzo ya utaratibu wao, pamoja na mawe hai na mtambo wa povu. Gramu moja na nusu hivi ya chokaa iliyozimwa huyeyuka katika lita moja ya maji baridi. Inayozidi hutuama chini, na yale maji ya juu yaliyotakata hudondoshwa hodhini tone tone wakati wa usiku, ambapo maji huwa yameelekea kidogo upande wa asidi, mahali pa maji yaliyokwenda na mvuke. Mafundi wa Kilwa na Lamu walichoma matumbawe wakapata chokaa ya kujengea misikiti na majumba. Hapa chokaa hurudi kuwa tumbawe. Iwe tu ile safi iliyo salama kwa vyakula, si ya mwashi, na macho yaepushwe nayo, kwa kuwa inaunguza.

Wako wanaosema kwamba hodhi ni wizi wa bahari, na neno lao si la kupuuzwa. Malindi na Watamu ni hifadhi tangu 1968, Mafia tangu 1995, na avunjaye tumbawe hai humo ni mhalifu, hata awe na mapenzi gani na kioo chake. Wala nisidai kwamba hodhi huiokoa bahari, haliokoi. Lakini tumbawe lina tabia moja inayomwezesha mfugaji kuiacha bahari mahali pake: likikatwa kwa wembe, kila kipande huwa tumbawe zima. Dietrich Stüber wa Berlin alikuza tumbawe la matawi ambalo vipande vyake vilitoka mkono hadi mkono, nyumba hadi nyumba, vikavuka mipaka ya nchi yake, na wengi waliovipata hawakutoa hata senti. Ndivyo mtu wa kipato kidogo anavyojaza hodhi lake: hupewa, hulea, hukata, akagandisha kipande juu ya kijiwe, akakiacha siku kadhaa mahali penye mwendo mdogo wa maji mpaka kidonda kifunge, kisha akakitia katika mfuko wa maji ya hodhi lake mwenyewe na kumpelekea jirani aliyekuwa akikitamani, akiisha kwanza kumwuliza nitriti yake ni kiasi gani.