Kifaru Alipona

Hapa Nakivubo tunataniana siku nzima. Muganda anacheka Kiganda changu, nami namrudishia, bei inapatikana. Ndiyo maana wenzangu wakikiona Tintin au Congo huniambia: wacha hasira bana, ni katuni tu.

Haya, tukisome. Hergé, Mbelgiji ambaye hakuwahi kufika Kongo, alianza kukichora 1930. Gari la Tintin linagongana na treni, treni inaanguka, halafu abiria weusi ndio wanaoamriwa kuisimamisha, huku mbwa akiwaita wavivu. Mbwa! Utani huo haumngojei Mkongo arudishe neno.

Mmoja alirudisha. Mwaka 2007 Bienvenu Mbutu Mondondo alifungua mashtaka Brussels. 2012 mahakama ikamkatalia, eti mchoraji hakuwa na nia ya kubagua. Nia sawa, lakini mguu uliokanyagwa unauma vilevile.

Wengine wanasema kitabu cha zamani hakiguswi. Kumbe kiliguswa! Mwaka 1946 Hergé mwenyewe alikichora upya: lile somo la kuwafundisha watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji likawa somo la hesabu. Mwaka 1975 wachapishaji wa Skandinavia walichukizwa na Tintin kumlipua kifaru kwa baruti. Wakachorewa ukurasa mwingine, kifaru akapona. Abiria wa treni hawakubadilishwa.

Kukipiga marufuku sitaki. Kiwekwe rafu moja na katuni za Barly Baruti, mtoto wa Kisangani, na watoto wetu wachague wenyewe pa kucheka.