Laini Pana, Faili Linakokota

Ofisi iliyoko Dar es Salaam inalipia megabiti 100 kwa sekunde, lakini faili la gigabaiti moja kutoka seva ya London linachukua zaidi ya nusu saa kufika. Mtoa huduma hulaumiwa kwanza, na mara nyingi hulaumiwa bure.

Angalia dirisha la TCP, yaani kiasi cha data ambacho mtumaji anaruhusiwa kupeleka kabla ya kujibiwa kwamba zilizotangulia zimefika. Tangu awali ukubwa wake uliandikwa kwa biti 16, hivyo ukaishia baiti 65,535. Chukua milisekunde 150 za pakiti kwenda na jibu kurudi: dirisha hilo linapitisha megabiti 3.5 tu kwa sekunde, laini iwe pana kiasi gani. Muda mwingi mtumaji anangoja.

Waraka wa RFC 1323 wa mwaka 1992 ulifafanua kizidishi kinachokuza dirisha hadi karibu gigabaiti moja. Kizidishi hutajwa mara moja, muunganisho unapoanza, na sharti pande zote mbili zikitaje. Fayawoli ya zamani ikikifuta njiani, mnarudi kwenye megabiti 3.5.

Dirisha linalotakiwa ni kasi mara muda: megabiti 100 kwa sekunde 0.15 ni kama megabaiti 1.9. Linux ya leo inafika hapo yenyewe, maana hukuza bafa, yaani kumbukumbu inayobeba dirisha, kadiri ya haja. Kwa miaka mingi kikomo cha kawaida cha tcp_rmem (bafa ya kupokea) kilikuwa megabaiti 6, na cha tcp_wmem (bafa ya kutuma) 4. Laini ya gigabiti moja inadai karibu 19. Hapo pandisha tcp_wmem kwa mtumaji na tcp_rmem kwa mpokeaji, tena kwa ziada kubwa, kwa kuwa kerneli hula sehemu ya bafa.

Kinachosahaulika zaidi ni SSH, ambayo ina dirisha lake yenyewe juu ya lile la TCP. OpenSSH ililipanua mwaka 2007, lakini megabaiti 2 zake, kwa umbali huu, huishia megabiti 110 hivi kwa sekunde. Ndiyo maana kwenye laini ya gigabiti fundi anaweza kurekebisha kerneli vizuri kabisa na scp, inayonakili faili kupitia SSH, isisogee. Pima kwa iperf3, isiyopitia SSH, kisha kwa scp, ujue tatizo liko tabaka gani.

Pakiti zikiwa zinapotea njiani, bafa kubwa haitoshi. Jaribu BBR, mbinu ya kudhibiti msongamano iliyomo ndani ya Linux tangu toleo 4.9.

Usinakili namba za mtu mwingine kwenye sysctl.conf. Piga ping kwenye seva yako, zidisha muda huo kwa kasi ya laini yako, ndipo uandike.