"Ukoma" wa Mambo ya Walawi: Hoja Inayostahiki Kuachwa

Miongoni mwa hoja zinazorudiwa katika mihadhara ya kulinganisha dini ni ile ya nyumba yenye ukoma. Mhadhiri hufungua Biblia, Mambo ya Walawi sura ya 13 na ya 14, akasoma kwamba ukoma huingia mwilini, kwenye nguo na hata kwenye kuta za nyumba, kisha akauliza: ukuta una vidole vya kukatika? Watu hucheka, takbira inapigwa, mhadhara unaendelea. Huku Mara, katika vijiji vya ziwani kama Murangi, ambako Muislamu anaishi ua kwa ua na Waadventista na Wamennonite, hoja kama hii huonekana ni silaha. Sisi tunasema ni hoja mbovu, na madhara yake yanawarudia Waislamu wenyewe.

Tuanze na neno. Asili yake kwa Kiebrania ni tsara'at. Waliofasiri kwa Kiyunani waliandika lepra, neno ambalo kwa matabibu wa Kiyunani lilikuwa na maana ya ngozi yenye magamba. Katika karne ya 11, vitabu vya tiba vya Kiarabu vilipofasiriwa kwa Kilatini, jedhamu nayo ikapewa jina hilo hilo la lepra, na maradhi mawili yakavaa kanzu moja. Biblia ya Kiswahili ya Muungano ya mwaka 1952 ikaandika "ukoma". Basi anayeucheka ukuta wenye ukoma anaicheka tarjuma. Asili yenyewe hajaifikia.

Na Muislamu hakuhitaji kwenda mbali kulijua hili. Katika Kutoka 4:6 mkono wa Nabii Musa (a.s.) unatoka una tsara'at, mweupe kama theluji. Qur'ani Tukufu inataja mkono huo huo (Twaha 22, An-Naml 12, Al-Qasas 32) kuwa ulitoka mweupe pasipo ubaya, na wafasiri wetu wakaeleza kuwa ubaya unaokanushwa hapo ni barasi, yaani mbalanga. Walifahamu kuwa kinachozungumzwa ni weupe wa ngozi, si jedhamu inayokula vidole.

Je, Mayahudi wenyewe wanaisomaje sura hiyo? Mishna, iliyokusanywa karibu na mwaka 200 Miladia, ina kitabu kizima juu ya alama hizi, kiitwacho Nega'im. Humo imo kuwa asiyekuwa Myahudi hanajisiki kwazo, na kwamba bwana harusi huachiwa siku 7 za karamu yake kabla ya kukaguliwa. Andiko lenyewe linasema mtu akienea weupe mwili mzima ni tahiri (13:13), na nyumba itolewe vyombo kabla kuhani hajaingia, ili visije vikahukumiwa najisi (14:36). Ni daktari gani wa maradhi ya kuambukiza atakayemwachia mgonjwa wiki nzima ale na wageni? Hii ni hukumu ya twahara, na kuhani anayeitamka yuko mahali pa kadhi, si pa tabibu.

Kuhusu sababu, Talmud katika kitabu cha Arakhin inamnukuu Rabi Yohanan akihesabu madhambi saba yanayoleta alama hizo: ulimi mbaya, kuua, kiapo cha uongo, zinaa, kibri, unyang'anyi na uchoyo. Ulimi ndio uliotiliwa mkazo zaidi, kwa kisa cha Maryam dada yake Musa (Hesabu 12), aliyemsema nduguye kwa ajili ya mkewe Mkushi. Wakasema: aliyewatenganisha watu, naye akae peke yake. Musa bin Maimun (1138–1204), aliyekuwa tabibu huko Misri, aliandika kuwa tsara'at ni jina moja la mambo mengi, na kwamba si jambo la kawaida ya maumbile bali ni ishara katika Bani Israil ya kuonya juu ya ulimi. Tabibu ndiye anayesema hivyo!

Onyo lao juu ya usengenyaji Muislamu hatalikataa; Al-Hujurat 12 ni kali zaidi. Tunachokataa ni kuifanya ngozi ya mtu kuwa shahidi wa dhambi yake. Kwa kauli ya Bin Maimun mwenyewe hakuna mgonjwa wa leo anayeguswa na hukumu ile. Lakini msikilizaji wa Kiswahili hasikii tsara'at. Anasikia "ukoma" na "najisi", akamkumbuka jirani yake. Aliyecheka mhadharani ndiye anayeacha nafasi safuni ili asigusane na mwenye mabaka.

Fiqhi yetu haimpi hoja. Katika hadithi ya Abu Huraira (r.a.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alibainisha kuwa Muislamu hanajisiki. Uwais al-Qarni alikuwa na barasi, ikabaki kwake kiasi cha dirhamu, na Umar (r.a.) akausiwa amuombe amtakie maghfira. Aliyeombwa dua na Umar atadhaniwa ana alama ya dhambi?

Ni kweli zipo hukumu. Mafaqihi wa Kishafii wametaja jedhamu na barasi katika aibu zinazompa mwanandoa hiari ya kuvunja ndoa, lakini huo ni mlango wa nikaha, si wa twahara. Katika Muwatta, Umar alimtaka mwanamke mwenye jedhamu aliyekuwa akitufu akae nyumbani kwake, asiwaudhi watu. Illa ni udhia, na hukumu huzunguka pamoja na illa yake. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limependekeza mchanganyiko wa dawa unaoponya ukoma, na anayezitumia huacha kuambukiza muda mfupi baada ya kuanza. Hapa mkoani watu wanaikumbuka Shirati, ambako Wamennonite walifika mwaka 1934 na baadaye wakawatibu wakoma. Mwaka 2006 Tanzania ilifikia kiwango cha chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000. Aliyepona ukoma, hata kama vidole havikurudi, hana illa ya kuzuiwa jamaa.

Ama mwenye mbalanga, maradhi yake hayaambukizi kabisa. Hata Mahanafi waliokirihisha uimamu wa mwenye barasi iliyoenea walitaja watu kukimbia jamaa, hawakutaja najisi. Na swala nyuma yake ni sahihi.