Neno "Tafsiri" Mbele ya Jaji

Miongoni mwa maneno yanayotumiwa kila siku katika ofisi za Serikali na mahakamani, ni machache yaliyobebeshwa mzigo mzito kama neno "tafsiri". Mtu akisema "tafsiri ya sheria", msikilizaji hana njia ya kujua kama anaambiwa habari za mtumishi aliyeihamisha sheria kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, au habari za jaji aliyeketi na kuamua maneno ya Bunge yalikusudia nini. Sheria yetu inayohusu jambo hili la pili, yaani Sura ya 1 ya Sheria za Tanzania, kwa Kiswahili huitwa Sheria ya Tafsiri ya Sheria. Mwalimu mmoja wa sekondari aliwahi kuniuliza kama hiyo ndiyo sheria inayowaongoza watafsiri katika kazi yao. Nilicheka, kisha nikaona kwamba aliyestahili kuchekwa si yeye.

Zamani utata huu haukuwa na madhara makubwa. Sheria zilitungwa kwa Kiingereza, wanasheria walibishana juu yake kwa Kiingereza, na Mahakama Kuu ikatoa hukumu kwa Kiingereza. Kiswahili kilitawala katika Mahakama ya Mwanzo, na huko juu kikabaki lugha ya shahidi tu, ambaye maneno yake yaliandikwa kwa lugha nyingine hata kabla hajashuka kizimbani. Lakini Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilirekebisha Sura ya 1 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya mahakama, Kiingereza kikiachiwa nafasi pale ambapo haki yenyewe inakihitaji. Siku ya Sheria ya mwaka huo huo, tarehe 1 Februari, Rais Magufuli alimsifu hadharani Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, akampandisha kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Tangu hapo kazi mbili zilizokuwa mbalimbali zimekutana juu ya meza moja. Mtafsiri anaitafsiri sheria. Kisha jaji anaitafsiri tafsiri hiyo. Sentensi ya namna hii haifai kuwamo katika lugha inayotaka kuitwa lugha ya sheria.

Kwa asili maneno yalikuwa mawili. Katika Kiarabu, ambako tumeyapata, tafsiri ni kazi ya kuifafanua matini, kueleza makusudi yake, na kuonyesha fungu moja linavyolielemea jingine. Kuhamisha maneno kutoka lugha moja hadi nyingine ni tarjuma. Wenyeji wa pwani waliosoma chuoni waliijua tofauti hii vizuri, na wako wanaoijua hadi leo. Ni katika Kiswahili sanifu cha vitabu na ofisi ambamo "tafsiri" ilimmeza mwenzake, na "tarjuma" ikaachwa katika kamusi kama neno la wazee.

Wako waliojaribu kutafuta njia nyingine. Wapo wanaopendekeza kwamba kazi ya jaji iitwe "ufasiri". Pendekezo hili lina ladha nzuri, lakini nafasi hiyo imekwisha kukaliwa. Mwalimu Nyerere alipotoa Juliasi Kaizari, sisi sote tulimwita mfasiri, na hakuna aliyedhani kwamba alimtolea Shakespeare hukumu. Wengine wanasema "fasili", lakini watunga kamusi wamekwisha kulichukua kwa maana ya kueleza neno moja moja. Wapo pia wanaotaka "ufafanuzi". Katiba yenyewe haikuamua: ibara ya 151, inayoeleza maana za maneno, inaitwa "Ufafanuzi", hali ibara ya 126, inayohusu Mahakama Maalum ya Katiba, inazungumzia "tafsiri" ya Katiba. Mimi silikubali "ufafanuzi" kwa kazi ya jaji. Anayefafanua hulifanya wazi jambo ambalo tayari limo. Jaji, aghalabu, huletewa maneno yenye maana mbili zilizo wazi sawasawa, naye hana budi kuichagua moja na kuiacha nyingine, na mtu mmoja akaondoka mahakamani na shamba lake, mwingine mikono mitupu.

Hapo ndipo kiini cha jambo hili kilipo, nami naomba msomaji anivumilie nikikaa hapo kidogo.

Kiswahili kina ngeli, na ngeli haziruhusu uvivu. Tuchukue kifungu cha Kiingereza kinachotaja hati ya kiwanja, kisha kikaongeza kwamba jambo fulani litafanyika iwapo "imesajiliwa". Katika Kiingereza kitenzi hicho chaweza kuihusu hati au kukihusu kiwanja, na mawakili wawili waweza kubishana asubuhi nzima. Mtafsiri hana anasa hiyo. Akiandika "hati ya kiwanja iliyosajiliwa", ameamua kwamba ni hati. Akiandika "hati ya kiwanja kilichosajiliwa", ameamua kwamba ni kiwanja. Herufi chache za upatanisho zimemaliza kesi ambayo haijafunguliwa. Niliwahi kuona rasimu ya namna hii katika ofisi moja. Mtumishi aliyeiandaa alipoulizwa kwa nini alichagua hati, alijibu kwa uaminifu kwamba ndivyo ilivyosikika vizuri. Simlaumu. Hakuna aliyemwambia kwamba siku ile alikuwa akifanya kazi ya jaji, maana kazi zote mbili zilikuwa zikiitwa kwa jina moja.

Yapo pia mambo ambayo Kiingereza hulazimika kuyasema na Kiswahili hakina haja nayo. Sura ya 1 inaeleza kwamba maneno ya jinsi ya kiume yanajumlisha ya kike. Kwa Kiingereza agizo hilo lina maana, kwa sababu kiwakilishi chake cha mwanamume si kile cha mwanamke. Sisi tunasema "yeye", tunasema "aliyeshtakiwa", na bibi na bwana wote wamo. Kulitafsiri agizo hilo neno kwa neno ni kumpa mwananchi dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, na baya zaidi ni kwamba wakili mjanja atauliza: kama Bunge limeona haja ya kusema hivyo, je, maneno "mjane" na "mzazi" yanasemaje?

Kisha kuna habari ya "-ta-" na "-weza". Kifungu cha 53 cha Sura ya 1 kinatofautisha neno la Kiingereza linaloleta hiari na lile linaloleta wajibu. Tofauti hiyo inapofika kwa Kiswahili inayeyuka. "Waziri atateua Bodi": je, hii ni amri, ahadi, au utabiri? Watunzi wetu wameizoea "-ta-" kwa maana ya amri, na mwanasheria huisoma hivyo bila kusita. Lakini mwenyekiti wa kijiji huisoma kama tunavyosema "mvua itanyesha". "Waziri anaweza kuteua Bodi" nayo ina taabu yake, maana kuweza ni kuwa na nguvu au ujuzi kabla ya kuwa na ruhusa. Hali tunayo "sharti", tunayo "hana budi", tunayo "ni wajibu wa", na kwa upande wa pili tunayo "ana hiari ya" na "anaruhusiwa". Sioni sababu ya kuziacha zana hizi ghalani. Hata hivyo, kuzitumia ovyo, leo "sharti" kesho "lazima" katika sheria moja, ni hatari kubwa zaidi, kwa sababu majaji hushika desturi kwamba neno likibadilika, maana nayo imebadilishwa kwa makusudi.

Ni lipi basi linaloshinda, matini ya Kiingereza au ya Kiswahili, zikigombana? Kabla ya marekebisho ya 2021, kifungu cha 84 kilijibu hivi: sheria iliyotungwa kwa lugha moja na kutafsiriwa kwa nyingine, ile lugha iliyotungiwa ndiyo hushinda, ikitungwa kwa lugha zote mbili, Kiingereza hushinda. Wengi wanaikumbuka sehemu ya pili na kuisahau ya kwanza. Katiba ya mwaka 1977 ilitungwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo nakala ya Kiingereza inayonukuliwa katika vitabu vingi vya sheria ndiyo iliyo tarjuma, na mwanafunzi anayejifunza haki za binadamu kwa nakala hiyo peke yake yuko hatua moja mbali na maneno ya sheria.

Majina ya kanuni za tafsiri nayo yanahitaji mkono wa mhakiki. Waingereza wana kanuni ya kuyashika maneno kama yalivyo. Wana ya pili inayoruhusu kuyaacha pale yanapoleta upuuzi. Na wana ya tatu, iliyotoka katika shauri la Heydon la mwaka 1584, inayomtaka jaji aulize sheria ya kale ilikuwaje, ilikuwa na kasoro gani, Bunge lilitoa dawa ipi, na kwa sababu gani. Ya pili huitwa kwetu "kanuni ya dhahabu". Jina hilo halimwambii mtu chochote, na anayelijua tayari huidhani ile kanuni ya kumtendea mwenzio unavyopenda kutendewa. "Kanuni ya kuepa upuuzi" ingetosha. Ya tatu nimeiona katika maelezo ya wanafunzi ikiitwa "kanuni ya utundu", maana ndivyo kamusi ilivyowaambia; ningependa iitwe "kanuni ya kasoro". Tena neno "kanuni" lenyewe limechoka: tunalo katika Kanuni ya Adhabu, tunalo katika kanuni anazotunga Waziri, na tunalo hapa.

Upande mwingine tunao utajiri tusioutazama. Wanasheria hutumia maneno ya Kilatini kwa kanuni isemayo kwamba orodha ya vitu ikifuatiwa na maneno ya jumla, maneno hayo yanahusu vitu vya jinsi ile ile. Sisi tunasema "na kadhalika", na maana ya asili ya neno hilo ni "kama hivyo". Kanuni nzima imo ndani yake. "Ng'ombe, mbuzi, kondoo na kadhalika" haiwezi kumwingiza simba.

Majaji wetu wamekwisha kuonyesha kwamba hawataki kufungwa na herufi. Katika shauri la Ndyanabo, mwaka 2002, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta ilibatilisha sharti la kuweka dhamana ya shilingi 5,000,000 kwa anayepinga matokeo ya uchaguzi, ikasema kwamba Katiba ni kitu chenye uhai, na kwamba haki za msingi zitafsiriwe kwa upana. Hukumu ni nzuri. Lakini siku hizi maneno yake hupitishwa kwetu kama "chombo hai", na msomaji wa Bagamoyo huliona jahazi. "Andiko lenye uhai" lingemfikia.

Mfano ulio mzito kuliko yote umo katika Katiba yenyewe. Ibara ya 107A, iliyoingizwa mwaka 2000, inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na "masharti ya kiufundi". Mwananchi akisikia ufundi humfikiria seremala, mwashi, au mtu wa magari. Kilichokusudiwa ni masharti ya utaratibu: hati iliyotaja kifungu kisicho chake, nakala iliyosahauliwa, siku iliyopita. Kwa kuwa neno lenyewe halionyeshi mpaka, mahakama zilikaa miaka mingi zikibishana juu ya lipi ni la kiufundi tu na lipi linagusa mzizi wa shauri, na wadai wengi waliondolewa mlangoni kwa makosa ya karatasi, hata Bunge lilipolazimika mwaka 2018 kuingiza katika sheria za mwenendo lengo kuu la kutenda haki kwa wakati na kwa gharama nafuu. Sisemi kwamba neno bora lingeondoa ubishi wote. Nasema kwamba "masharti ya utaratibu" yangewaonyesha wabishani walikuwa wakibishania nini.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa Baraza ni hili. Katika uwanja wa sheria, na humo tu, "tafsiri" iachiwe jaji, kwa kuwa Sura ya 1 na ibara ya 126 zimekwisha kumpa. Matini iliyohamishwa kutoka lugha nyingine iitwe "tarjuma", na kila sheria inayochapishwa iandikwe juu ya ukurasa wa kwanza kama ilitungwa kwa Kiswahili au ni tarjuma. Na pale mtafsiri alipolazimishwa na ngeli kuamua jambo ambalo matini ya asili haikuliamua, aweke alama pembeni, ili jaji ajue ni nani aliyetangulia kuhukumu.