Hongera kwa Waunda Merikebu za Plastiki

Wanaounda merikebu ndogo za plastiki wanastahili pongezi za fundi. Chukua Cutty Sark, iliyojengwa Dumbarton, Uskoti, mwaka 1869, ambayo kampuni ya Revell imeitoa kwa kipimo cha 1:96. Wapo watakaosema kiwanda kimeshamaliza kazi, kilichobaki ni gundi tu. Lakini plastiki hutoka kiwandani iking'aa kama sahani, na sitaha, licha ya mifereji yake, haionekani kama ubao. Fundi huipaka rangi ya mchanga, akaiacha ikauke, kisha hupitisha rangi ya mafuta ya kahawia na kuifuta ingali mbichi, ibaki kwenye mifereji peke yake. Hapo ndipo ubao unapojitokeza. Mlingoti nao ni laini: uzi wa upande mmoja ukikazwa kupita kiasi, mlingoti unapinda, na kamba nyingine za upande huohuo zinalegea. Kwa hiyo uzi hupakwa nta usitoe manyoya, ukafungwa kushoto na kulia kwa zamu. Wengine hushikilia kwamba merikebu ya kweli ni ya mbao. Mbona Cutty Sark yenyewe, iliyopo Greenwich hadi leo, ina mbavu za chuma chini ya mbao zake? Tumpime fundi kwa kamba zake: aliyezifunga zote anajua ipi inageuza foromali (mti unaobeba tanga) na ipi inazuia mlingoti usilale.