Tumbako ya Zamani: Nguvu au Jina Tu?

Kati ya mambo ambayo wazee wetu wa Ituri wanabishania bila kuchoka, moja ni hili: tumbako ya kiko iliyokaa miaka mingi, inafaa bado kuvutwa? Na je, ni haki kuiuza? Wengi wanajibu haraka kwamba ya kale ni dhahabu. Sisi tunaiheshimu methali hiyo, lakini methali haipimi jani. Katika makala hii tunataka kulihakiki wazo lenyewe, sababu mapokeo yasiyohakikiwa mwisho wake yanageuka kuwa maneno ya biashara.

Tuanzie sokoni hapa Bunia. Mzee mmoja amesimama mbele ya mama muuzaji, ameshika kitita mkononi.

«Papa, chukua hii. Iko ya zamani, ilikaa miaka mingi. Iko na nguvu kupita ile mpya.»

«Sawa mama, basi nifungulie, nione katikati.»

«Kama unataka kuona katikati, nunua kwanza!»

Watu walicheka, na sisi tulicheka pamoja nao. Lakini swali la yule mzee ndilo swali lote la makala hii. Miaka inasemwa kwa mdomo; katikati ya kitita inaonekana kwa macho.

Waandishi waliopita katika nchi zetu hawakutusaidia sana. Herbert Lang na James Chapin, waliozunguka kaskazini-mashariki ya Kongo tangu 1909 mpaka 1915, walirudi kwenye jumba la makumbusho la New York na maelfu ya vitu na picha. Mwaka 1930 kule Chicago, Laufer, Hambly na Linton walitoa kijitabu kizima juu ya tumbako katika Afrika. Colin Turnbull naye, katika kitabu chake cha 1961 juu ya Bambuti wa Epulu, alieleza jinsi tumbako ya wanavijiji ilivyokuwa kati ya vitu vilivyowavuta watu wa msitu kuja kijijini, nao wakileta nyama. Yote hayo yana faida. Lakini msomaji wa kazi za namna hiyo anajua zaidi juu ya kiko, au juu ya safari ya tumbako, kuliko juu ya mkono uliolitunza jani lisioze. Si ajabu: kiko kinadumu, kinapigwa picha, kinawekwa ndani ya kioo. Jani linaungua na kwisha. Kosa hilo tunalirudia sisi wenyewe. Kwenye maonyesho yetu ya utamaduni tunaweka kiko juu ya meza, tunakisifu, na hakuna kijana anayeuliza: tumbako yake ilikaa wapi?

Tena tusisahau kwamba tumbako yenyewe haikuanza na babu zetu. Mmea huu ulitoka Amerika, ukafika Afrika kwa meli za Wazungu kuanzia karne ya 16, ndipo ukapita mkono kwa mkono mpaka milimani kwetu. Kwa hiyo kilicho cha wazee wetu hasa ni ufundi: kukausha majani chini ya paa, kuyapitisha kwenye moshi wa jikoni, kuyasokota, kuyafunga, kuyaangalia. Huo ufundi ndio mapokeo. Umri peke yake si mapokeo.

Jambo hili tulilielewa vizuri katika familia moja ambayo hatutaitaja. Baba mzee alikuwa amefariki, akaacha vitita viwili vya tumbako aliyolima kabla ya vita ya 1999 mpaka 2003. Familia ilikimbia, ikarudi, vitita vikapona. Mtoto mkubwa alitaka viuzwe, apate pesa ya kusaidia matanga. Shangazi alikataa: tumbako ya marehemu wavute wazee watakaokuja kumlilia, wala isipelekwe sokoni. Maneno yakawa makali. Tuliitwa kama watu wa utamaduni, wakidhani tutasema mila inataka nini.

Tuliomba vitita vifunguliwe. Cha kwanza kilikuwa kimening'inia muda wote juu ya mafiga, kwenye jiko la nyasi la shangazi. Jani lake lilikuwa jeusi, kavu, gumu, lenye harufu ya moshi na utamu kidogo. Cha pili mtoto alikuwa amekihifadhi kwa upendo kabisa: alikitia ndani ya sashe ya plastiki, akakifunga sana, akakiweka chini ya kitanda katika nyumba mpya ya mabati. Nje kilionekana kizuri kuliko kile cha kwanza. Tulipokikata, katikati palikuwa na ukungu wa kijivu, na harufu ya nguo iliyolala na maji. Mkulima mmoja, shamba moja, mwaka mmoja; kimoja kizima, kingine kimeoza. Kumbe miaka haikuwa imeamua kitu.

Sababu yake inaeleweka. Jani la tumbako linavuta maji kutoka hewani na kuyarudisha. Kwetu, kiangazi cha Desemba mpaka Februari kinalikausha hadi kuwa unga. Mvua ikirudi, linalegea. Likifungwa na unyevu ndani, ukungu unaota. Likiachwa wazi, kuna kadudu kadogo ka rangi ya kahawia kanakoitoboa tumbako kavu na kuacha vishimo na vumbi. Moshi wa jikoni ulikuwa unafanya kazi mbili: kukausha na kufukuza wadudu. Ndiyo maana nyumba za mabati zisizo na moto ndani zimebadilisha pia maisha ya tumbako, na watu hawakuona.

Wanaosema tumbako inapata utamu kwa kukaa hawasemi uongo. Kule Louisiana, Marekani, tumbako ya Perique inakandamizwa ndani ya mapipa kwa mwaka mzima au zaidi ndipo itoke na ladha yake. Wavutaji wa kiko wa Ulaya wanaweka makopo yaliyofungwa kwa miaka mingi. Lakini tuangalie vizuri: pale kuna mtu anayesimamia unyevu na hewa. Kusahau kitu chini ya kitanda si kukikomaza.

Basi tunapima namna gani? Wazee wanajua: bana jani kati ya vidole. Likivunjika kuwa vumbi, limekauka kupita kiasi. Bado linavutika, lakini litachoma ulimi, na linahitaji kurudishiwa unyevu polepole. Likibaki limegandana, lina maji mengi. Likijikunjua taratibu, liko sawa. Ukiona ukungu au ukisikia harufu ya kuoza, usivute, wala usikwangue juu na kuuza chini. Cha kuvunda hakina ubani.

Juu ya kuuza, hukumu yetu ni kali zaidi. Anayevuta tumbako yake mwenyewe anajihatarisha mwenyewe. Anayeuza anahatarisha mwingine. Kuna wanaonyunyiza maji asubuhi ili kitita kiwe kizito na laini, halafu wanakiita cha zamani. Maji hayo yanaleta ukungu baada ya siku chache, wakati mnunuzi amekwisha kukipeleka ukweni au kwenye matanga. Mzee akipewa tumbako iliyooza mbele ya watu, aibu haimwangukii muuzaji, inamwangukia aliyeileta. Kwa hiyo tumbako ya zamani iuzwe ikiwa imefunguliwa katikati, na muuzaji aseme ilikaa wapi. Asiyetaka kuifungua amekwisha kutujibu.

Lipo wazo moja tunalolikataa kabisa: kwamba tumbako ikizeeka sumu yake inatoka. Hapana. Nikotini inabaki, na sumu za kansa zinazoitwa nitrosamini zinaweza hata kuongezeka jani likikaa kwenye joto na unyevu. Kiko nacho kinaleta kansa ya mdomo, ya koo na ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 7 wanaouawa na tumbako kila mwaka. Tunapoandika juu ya mila hii hatumwiti kijana aanze kuvuta. Tunamwambia ukweli wa kitu ambacho wazee wake wanacho mkononi.

Kwa ile familia, tulisema hivi: kitita cha chini ya kitanda kichomwe shimoni. Cha juu ya mafiga kisiuzwe, kiwekwe mbele ya wazee, na waambiwe nani alikilima na nani alikitunza. Mtoto alinyamaza kwanza, halafu akauliza: «Kwa hiyo mimi ndiye niliyeiharibu ya baba?»

Shangazi ndiye aliyemjibu: «Hapana, mtoto wangu. Hakuna aliyekufundisha.»

Jibu hilo linatuhusu sisi sote tunaojiita walinzi wa utamaduni.