Maji Kwanza, Samaki Baadaye

Mwaka 1992 mchoraji wa Marekani Robert Wyland aliuvalisha bahari ukumbi wa mviringo wa Long Beach Arena, California. Nyangumi, pomboo na makundi ya samaki yalienea kwenye eneo linalozidi mita za mraba 10,000, na Guinness wakaitambua kazi hiyo, Planet Ocean, kuwa mchoro mkubwa kuliko yote ya ukutani duniani kwa wakati ule. Wyland alikuwa ameanza safari ya kuchora kuta za bahari mwaka 1981 huko Laguna Beach kwa nyangumi wa kijivu na mwanawe. Alipofika Beijing mwaka 2008 alikuwa anakamilisha ukuta wa 100. Ukubwa wa namna hiyo mtu yeyote mwenye futi anaweza kuupima. Kinachowashinda wengi ni kusema kama kazi ni nzuri.

Mjuzi wa kazi hizi haanzi kwa kusogea karibu. Huvuka barabara kwanza.

Sababu yake iko kwenye namna mchoro unavyotengenezwa. Aliye juu ya jukwaa au ndani ya kikapu cha kreni anaona rangi kwa urefu wa mkono wake tu, huku nyangumi anayemchora, kwa ukubwa wake halisi, anaweza kuzidi basi kwa urefu. Ndiyo maana wengine hugawa ukuta kwa miraba, wengine humulika mchoro mdogo kwa projekta usiku na kufuata mistari yake, na wachache hutegemea jicho. Njia si hoja, ila makosa yake huonekana ukiwa upande wa pili wa barabara. La kawaida kuliko yote ni mnyama mwenye kichwa cha kifalme na mkia wa kubanwa: mchoraji alianzia kichwani kwa madaha, ukuta ukamwishia.

Ukishatosheka na vipimo, waache wanyama kando utazame maji. Hapa ndipo fundi anapoachana na mpaka rangi. Bahari iliyopakwa buluu moja kutoka juu hadi chini ni ukuta wa buluu wenye samaki waliobandikwa. Maji ya kweli hupauka karibu na uso, mara nyingi yakiwa na ukijani, kisha huzama taratibu kwenye buluu nzito, na mabadiliko hayo yasionyeshe mahali rola ilipogeuzwa. Kina pia hula rangi. Nyekundu hutangulia kupotea, ndani ya mita chache za mwanzo, kwa hiyo samaki mwekundu aliye chini sana huonekana wa kijivu au mweusi mpaka mzamiaji ammulike tochi. Mchoraji ana ruhusa ya kuwasha tochi yake, mradi mtazamaji aone kwamba imewashwa kwa makusudi. Wavu ule wa mwanga unaochezacheza migongoni nao una mahali pake: karibu na uso wa maji. Ukiukuta umetandazwa juu ya mnyama aliye kwenye giza la kilindi, jua kwamba ulinakiliwa kutoka kwenye picha ya maji mafupi.

Kisha mikia. Nyangumi, pomboo na nguva wana mikia iliyolala, nao hupiga juu na chini. Papa na samaki wengine wana mikia iliyosimama, nao hupiga kushoto na kulia. Papa potwe wa kisiwa cha Mafia huwaponza wengi. Kwa kuwa ana umbo la nyangumi, hupewa mkia wa nyangumi, na kwa kuwa ni papa, hupewa mdomo chini ya kichwa, ilhali mdomo wake umepanuka mbele kabisa. Kwa kasa aitwaye ng'amba, angalia gamba: vipande vyake hupandana kama vigae vya paa, na mdomo umechongoka kama wa mwewe. Nyangumi wa nundu ana mapezi ya mbele yanayokaribia theluthi ya urefu wa mwili wake, na jicho lake liko chini, karibu na pembe ya mdomo. Wapo wachoraji wanaolipandisha jicho hilo hadi kwenye paji la uso na kulitia huruma ya kibinadamu. Watoto hufurahi, ila huyo amekuwa kibonzo.

Uhalisia lakini si sheria. Mradi wa Sea Walls wa PangeaSeed Foundation, ulioanza mwaka 2014, umejaza miji ya pwani duniani kazi za mitindo mbalimbali, nyingi zisizojali kabisa kufanana na picha ya kamera. Hizo nazo zina kipimo: aliyerahisisha pezi baada ya kulijua hutoa mstari mmoja wenye uhai, na asiyelijua hutoa mstari unaobabaika.

Sasa sogea, ugonge ukuta kwa kifundo cha kidole. Sauti ya utupu ina maana lipu imeachana na tofali, na hakuna rangi itakayoiokoa. Zege changa lina ukali wa saruji unaoharibu rangi, hivyo mafundi makini huliacha likomae wiki nne au zaidi kabla ya praima. Unga mweupe unaochomoza ni chumvi iliyobebwa na unyevu, nao hupenda kuanzia chini. Kwenye nyumba kongwe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar hatari ni kubwa zaidi, maana kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hupumua. Ukizifunika kwa rangi ya plastiki, unyevu hunaswa ndani, kisha nyangumi wako hubambuka pamoja na lipu.

Pitisha kidole juu ya mchoro wa zamani. Ukibaki na unga, jua limekwisha kula gundi ya rangi. Nyekundu na manjano nyingi hufifia mapema, buluu nzuri hudumu, jambo linalowapa wachoraji wa bahari bahati ambayo wachoraji wa maua hawana.

Jua si adui pekee. Nyangumi ambao Wyland aliwachora mwaka 1997 kwenye jengo refu la Broderick Tower, Detroit, walikuja kufunikwa na matangazo makubwa ya biashara. Anayeagiza mchoro na aulize mapema ukuta ni wa nani, nani atauosha, nani ataurudia.

Ukaguzi wa mwisho ufanywe kama nusu saa baada ya mvua kukatika. Sehemu kubwa ya ukuta itakuwa imeanza kukauka, huku nyufa zilizofichwa chini ya rangi zikibaki na mistari myeusi ya maji, mmoja pengine ukikatiza tumbo la pomboo aliyeonekana mzima asubuhi.